Nguvu, Hofu na Mwiko: Istilahi za Tiba ya Kisaikolojia ya Matatizo ya Unyumba

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za fani moja ya tiba ambayo orodha nyingi za maneno ya udaktari na uuguzi huipita mbio, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya wakwe. Fani hiyo ni ile inayoshughulikia matatizo ya watu katika maisha yao ya kimwili na wenzi wao kwa njia ya saikolojia, yaani kwa mazungumzo, mafundisho na mazoezi, pasipo kisu wala sindano. Faragha ya mambo yenyewe si sababu ya kuiacha fani hii bila maneno. Kidonge humtibu mgonjwa hata kama jina lake limetafsiriwa vibaya. Lakini tabibu ambaye chombo chake ni mazungumzo, akikosea neno amekosea dawa.

Tuanze na jina la fani yenyewe. Aghalabu wafasiri huandika "tiba ya ngono". Kisarufi hakuna kosa, ila a-unganifu hubeba mizigo miwili. Tunaposema "tiba ya malaria" tuna maana ya tiba inayoondoa malaria. Tunaposema "tiba ya mionzi" tuna maana ya tiba inayofanywa kwa mionzi. "Tiba ya ngono" yaweza kusomwa kwa maana hii ya pili, na bango lenye maneno hayo mlangoni mwa zahanati lingewaita wateja wasiokusudiwa na kuwafukuza wanaokusudiwa. Kwa hiyo neno "matatizo" halina budi kuingia katikati.

Matatizo ya nini, basi? Maneno matatu yanashindania nafasi hiyo. "Ngono" ni neno la Kibantu lenye nasaba na kitenzi cha kulala kinachosikika katika lugha jamaa, kama vile kugona katika Kichewa, na kwa asili yake halina ubaya wowote. Lakini tangu kampeni za kuzuia UKIMWI zilipolifungamanisha na "ngono zembe", na magazeti yakalifungamanisha na makosa ya jinai, limepata harufu ya hatari. "Tendo la ndoa" ni tafsida nzuri yenye kasoro mbili: inamwacha nje asiye na ndoa, na inayafanya maisha yote ya kimwili ya watu wawili kuwa tendo moja tu. Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, maana, kama tutakavyoona, matabibu wa fani hii huanza kazi yao kwa kulipiga marufuku tendo hilo. Neno "unyumba" ni pana zaidi. Ndilo alitumialo mke anapolalamika mbele ya wazee kwamba amenyimwa haki yake, na wazee wakamwelewa pasipo mtu yeyote kuinamisha uso. Sisi tunapendekeza "matatizo ya unyumba" katika mazungumzo na maandishi ya kawaida. "Ngono" ibaki katika maandishi ya kitaalamu ambamo hali ya ndoa haihusiki.

Ugumu mkubwa uko katika jina la ile hali ambayo uume hausimami, au husimama ukalegea kabla ya wakati. Kuta na nguzo za umeme za miji yetu zimejaa matangazo ya dawa za "nguvu za kiume", na hata waandishi makini huandika "upungufu wa nguvu za kiume". Hapana shaka usemi huu ni bora kuliko "uhanithi". Hanithi, neno lililotujia kutoka Kiarabu, halielezi hali ya mwili. Ni hukumu juu ya mtu mzima, na barazani ni tusi la kupigania. Hata hivyo usemi wa nguvu nao una sumu yake. Unadai kwamba ipo akiba fulani ya nguvu, kwamba mgonjwa amepungukiwa, na kwamba dawa ni kuongeza: aongeze karanga na mihogo mibichi, aongeze mizizi, aongeze bidii. Na bidii ndiyo inayomwangusha.

Tupige mfano wa kale kidogo. John Hunter, daktari mpasuaji wa London, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1786 habari za mwanamume aliyemjia akilalamika kwamba anashindwa kwa mwanamke mmoja tu, yule hasa aliyemtaka sana. Hunter hakumpa dawa. Alimwagiza alale na mwanamke huyo siku sita usiku, huku akijiapiza kwamba lolote litakalotokea hatamwingilia. Mtu yule akarudi kusema kwamba nia ile ilimbadilisha kabisa: badala ya kuogopa kushindwa, alianza kuogopa kwamba hamu ingemzidi. Alipoivunja ile nia mara moja, hofu yake haikurudi tena.

Sababu yake leo inafahamika. Kusimama kwa uume hakutii amri ya mwenyewe, kama vile usingizi usivyotii amri ya mtu anayeutafuta. Hofu inapoingia, mishipa ya fahamu huutayarisha mwili kukimbia au kupigana. Damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, na mishipa ya uume hubana. Mwanamume aliyeshindwa jana kwa uchovu au ulevi huingia chumbani leo akiwa na hofu ya jana, naye hushindwa leo kwa sababu ya hofu hiyo. Ukimwambia mtu huyu kwamba amepungukiwa nguvu, umemwongezea jambo lile lile linalomuumiza.

Waingereza na Wamarekani nao walikuwa na neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kukosa uwezo. Mnamo Desemba 1992 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kwamba neno hilo liachwe, na mahali pake litumike jina linalotaja kusimama kwa uume na kusema tu kwamba kuna hitilafu hapo. Mtaani kwetu watu hawakungoja jopo. Husema "jogoo hapandi mtungi". Wasikilizaji hucheka, lakini tuutazame muundo wa sentensi. Kiima ni jogoo, si mwenye jogoo. Mwenyewe hajavuliwa uanaume wake wala hajapewa jina jipya. Ameelezwa jambo linalotokea nyumbani kwake. Tena usemi huo humpa tabibu njia ya kuuliza anayotaka kuyajua: je, jogoo hapandi mtungi wowote, au ni mtungi fulani tu? Je, alfajiri huwika? Swali la mwisho lina uzito wa kitabibu. Mwanamume mwenye afya husimama mara kadhaa akiwa usingizini. Ikiwa huamka katika hali hiyo, lakini mbele ya mwenzi wake hali hiyo haipatikani, dalili zinaelekea kwenye chanzo cha kisaikolojia. Asipoona kitu wakati wowote, ni wajibu apimwe kwanza kisukari, shinikizo la damu na mishipa, na dawa anazotumia zichunguzwe, kabla mtu yeyote hajamzungumzia hofu.

Hatusemi jogoo aingizwe katika kamusi ya tiba. Tunachotaka kuazima kwake ni muundo: "tatizo la kusimama kwa uume", istilahi inayotaja kiungo na tukio, ikaishia hapo. Dawa ya sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni msaada mkubwa kwa wengi, kwa kuwa hurahisisha mtiririko wa damu. Lakini haileti hamu, wala haiondoi ugomvi wa chumbani. Kuiita "dawa ya nguvu" ni kuipa kazi isiyoifanya.

Waliojenga tiba kamili juu ya jambo lile aliloligundua Hunter ni William Masters na Virginia Johnson, wa mji wa St. Louis nchini Marekani, ambao walitangaza matokeo ya kazi yao katika kitabu cha mwaka 1970. Waliwapokea watu wawili wawili, kwa muda wa majuma mawili, kila siku, nao wakawa wawili: tabibu mwanamume na tabibu mwanamke. Msingi wao ulikuwa kwamba mgonjwa si mume wala mke. Kinachotibiwa ni uhusiano wao. Katika maandishi yao zimo istilahi tatu ambazo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuzikabili.

Ya kwanza ni hofu tuliyokwisha kuieleza. Tumewahi kuona ikiandikwa "wasiwasi wa utendaji". Utendaji ni neno la ofisini. Husikika katika taarifa za mwaka za mashirika ya umma, na mgonjwa akilisikia atadhani anaulizwa habari za kazi yake. Twaonelea "hofu ya kushindwa" inatosha, tena inaeleza jambo kwa ukweli zaidi, kwa kuwa mtu huyu haogopi kutenda.

Ya pili ni ile tabia ya mtu kujitenga na mwili wake wakati wa faragha na kuusimamia kama mtazamaji aliye pembeni ya uwanja: je, umesimama? je, umeanza kulegea? je, mwenzangu ameona? Tulipima "ushabiki", tukauacha kwa sababu shabiki hufurahi. Tunapendekeza "kujitazama". Kiambishi -ji- kinafanya kazi yote: anayetazama na anayetazamwa ni mtu mmoja, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Ya tatu ni jina la mazoezi yenyewe, na hapa tunaomba msomaji avumilie tuingie katika sarufi. Wenzi huagizwa wasiingiliane kabisa kwa muda. Badala yake mmoja humgusa mwenzake mwilini polepole, akiyaacha matiti na sehemu za siri katika hatua za mwanzo, kisha hubadilishana nafasi. Anayegusa hagusi ili kumfurahisha mwenzake wala ili kumwamsha. Hugusa ili yeye mwenyewe ahisi: joto, ulaini, unywele, mfupa. Anayeguswa hana kazi ila kupokea, na kusema pale panapomkera. Wafasiri wengi watakimbilia "kugusana", na sikio halitaona tatizo. Lakini kauli ya kutendana huwafanya wawili watende pamoja, kila mmoja akimlipa mwenzake papo hapo, na hesabu hiyo ya kulipana ndiyo mazoezi haya yanayotaka kuivunja. Kwa hiyo tunapendekeza "kugusa kwa zamu". Zamu ni neno ambalo kila mtu analijua tangu kisimani: aliye na zamu yake hasukumwi, na asiye na zamu hana wajibu.

Na lile katazo la kuingiliana tuliite nini? Kuna waliopendekeza "marufuku", neno lenye sauti ya serikali. Lugha yetu ina neno zuri zaidi ambalo limo katika tiba tangu zamani. Mganga ampapo mgonjwa dawa humpa na miiko yake: asile samaki fulani, asivuke mto, asilale na mke siku saba. Mgonjwa haoni mwiko kuwa adhabu. Huuona kuwa sehemu ya dawa. Hivyo ndivyo matabibu wa St. Louis walivyotaka katazo lao lichukuliwe. "Mwiko wa muda" litaeleweka Mwera na Malindi bila maelezo, na litamwondolea mume mzigo wa kujithibitisha kila usiku, kwa sababu sasa asipotenda ametii.

Kuhusu mwanamume anayemaliza mapema kuliko anavyotaka yeye au mwenzi wake, maneno ya watu yapo tayari, "kuwahi kumaliza", nasi hatuoni haja ya kuyabadilisha. Njia ya kulitibu tatizo hilo ilielezwa na James Semans mwaka 1956: uume usisimuliwe hadi karibu na kumaliza, kisha usisimuaji usitishwe mpaka hali ipoe, kisha uanze tena, hadi mtu aijue mipaka ya mwili wake. Kwa Kiingereza jina la njia hii linatokana na maneno mawili ya kusimama na kuanza. Mfasiri asithubutu kuandika "simama-anza", kwa kuwa katika uwanja huu kitenzi "simama" kimekwisha kupata kazi nyingine, na maagizo yatamchanganya mgonjwa vibaya. "Kusita na kuendelea" ni salama.

Tuingie katika kosa la tafsiri linalotutia mashaka zaidi. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 njia ya kuondoa hofu kwa kumfundisha mtu kutuliza mwili, kisha kumkaribisha kidogo kidogo kwenye jambo analoliogopa, akianzia lililo jepesi. Ukilivunja jina la Kiingereza la njia hii kipande kwa kipande utapata "kuondoa hisia". Basi mwambie mwanamke aliyekuja kwa sababu hahisi raha yoyote kwamba utamwondolea hisia! Kiswahili kina kitenzi "zoeza", nacho kinasema lililokusudiwa: hofu haing'olewi, huzoezwa mpaka ikapoa. Tunapendekeza "kuzoeza hatua kwa hatua".

Istilahi hiyo inatusaidia pia kwa wale wanawake ambao misuli ya uke hukaza bila hiari yao kila wanapotaka kuingiliwa, hata ndoa nyingine ikakaa miaka bila kukamilika. Tiba yake ni kueleza maumbile, kufundisha kutuliza misuli, na kutumia vifaa laini vyenye ukubwa unaoongezeka polepole, ambavyo mwanamke huviingiza mwenyewe kwa mkono wake na kwa wakati autakao. Vifaa hivyo vikiitwa "vipanuzi", mgonjwa atafahamu kwamba maumbile yake ni membamba na yanapaswa kupanuliwa. Si kweli. Maumbile yake ni kama ya wenzake; kinachofunga mlango ni misuli, na kinachoiamuru misuli ni hofu, au kumbukumbu ya maumivu. Viitwe "vifaa vya kuzoeza". Na tatizo lenyewe liitwe "kukaza kwa uke bila hiari", maneno mawili ya mwisho yasiachwe kamwe, kwa sababu wapo waume wanaodhani mke anafanya makusudi.

Upande wa wanawake Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno la ubaridi, lililokusanya chini ya dari moja asiye na hamu, mwenye hamu lakini mwili hauitiki, na asiyefikia upeo wa raha. Tusilitafsiri. Helen Singer Kaplan wa New York alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba hamu ni hatua ya peke yake, yenye matatizo yake na tiba yake. Mwaka 2000 Rosemary Basson wa Kanada aliongeza jambo ambalo wanawake wengi watu wazima wangeweza kumweleza: kwamba mara nyingi hamu haitangulii, bali hufuata baada ya ukaribu na mguso kuanza. Hamu ya namna hii tungependa kuiita "hamu ya kuitika". Katika ngoma zetu anayeitika si mvivu kuliko anayeanzisha wimbo. Bila yeye wimbo haupo.

Neno "kilele" linatutia shaka kwa sababu kama hizo. Ukiuita upeo wa raha kilele, umeufanya unyumba kuwa mlima, na kila aliye chini yake hajafika. Lakini neno limekwisha kuenea, na si busara kugombana na mto uliokwisha kufurika. Litumike, ila mnasihi alizungumze kwa tahadhari.

Mashaka yetu yanagusa hata neno "kisaikolojia". Sisi wasomi hulisikia kama jina la taaluma. Mgonjwa aambiwapo "tatizo lako ni la kisaikolojia" husikia ama kwamba anajisingizia, ama kwamba amerukwa na akili. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika orodha yake ya kumi na moja ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliyatoa matatizo haya katika sura ya maradhi ya akili, likayaweka katika sura mpya ya afya ya ngono, na kuacha ule mgawanyo wa zamani wa yale ya mwili na yale ya nafsi. Hivyo "tiba ya kisaikolojia" ibaki katika vichwa vya makala kama haya. Chumbani mwa mnasihi chanzo kitajwe kwa jina lake: hofu, huzuni, ugomvi, uchovu, kuumizwa zamani.

Neno jingine lililoleta mtafaruku ni "kushindwa" likitumiwa na tabibu juu ya kazi yake mwenyewe. Masters na Johnson hawakutangaza waliopona. Walitangaza kiwango cha walioshindwa kusaidiwa. Wasomaji wakageuza hesabu, wakasema waliobaki wote wamepona. Mwaka 1980 Bernie Zilbergeld na Michael Evans walihoji hadharani ni kipimo gani hasa kilichotenganisha kushindwa na kutoshindwa. Swali lao ni la kitabibu, lakini ni letu pia. Kiswahili kina "kupona", "kupata nafuu" na "kupata ahueni", na mwandishi wa ripoti achague moja akijua analosema.

Limebaki suala la nani aseme na nani, na kwa ruhusa gani. Mnamo mwaka 1976 Jack Annon alipendekeza ngazi nne za msaada, na ya kwanza kabisa ni kumpa mtu ruhusa ya kulizungumza jambo lake. Hospitalini kwetu "kupewa ruhusa" ni kuambiwa urudi nyumbani. Tunapendekeza ngazi hiyo iitwe "kufungua mazungumzo". Baadhi ya wenzetu wangependa mnasihi wa fani hii aitwe "kungwi" au "somo", wakisema kwamba pwani ilikuwa na walimu wa unyumba kabla ya St. Louis kuwa mji. Hoja ina mvuto, na lugha ya makungwi yastahili kukusanywa kabla wenye nayo hawajaondoka. Lakini kungwi hufundisha namna ya kumridhisha mwingine, na siri yake ni ya wanawake peke yao. Mnasihi huwakalisha wote wawili na kuwaondolea kazi ya kuridhisha. Tukimpa jina la kungwi, mume hataingia mlangoni.

Tunawaomba wauguzi, wakunga na wanasihi walio Pemba, Tanga, Kigoma na kwingineko watuandikie maneno ambayo wagonjwa wao huyatumia wenyewe, hasa ya wanawake, kwa kuwa methali na misemo tuliyo nayo mezani karibu yote inamzungumzia jogoo. Watuandikie neno jinsi lilivyosemwa, nani alimwambia nani, na kama msikilizaji alicheka au alinyamaza.